Aliyemrudisha Chura

"Amekiri," alisema Koplo Nyundo, akifuta mikono kwa taulo.

Inspekta alimpita. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye nondo za mahabusu, akachungulia ndani. Mkulima alikuwa amelala ubavu juu ya sakafu ya saruji, jicho moja limefungwa na uvimbe, vidole vya mkono wa kulia kila kimoja kimeelekea upande wake. Aliposikia viatu vya askari alijikunja na kuficha kichwa kwa viwiko.

"Amekiri nini?"

"Kwamba alimpiga marehemu kichwani kwa jembe, sababu ya kumkanyagia matuta yake ya mboga. Ameweka na dole gumba kabisa."

"Kwa vidole vile?"

"Dole gumba halijaguswa, afande," alisema Nyundo, na alisema kwa fahari, kama fundi anayeonyesha kwamba hakuharibu mbao za mteja.

Inspekta huyu ndiye waliyembandika jina la Mama Subira, na walimbandika kwa utani, maana subira hakuzaliwa nayo na wala hakuitafuta ukubwani. Alimtazama Nyundo mpaka taulo likaacha kuzunguka mikononi mwake. Kisha akageuka akaenda dirishani.

Nje ya geti la kituo watu walikuwa wamejaa. Jana yake, asubuhi, wakata matete walimkuta Lenzi amekufa kando ya bwawa lililo nyuma ya mashamba. Lenzi alikuwa mpiga picha, na picha zake zote zilikuwa za vyura wa miti. Zamani watu walimcheka: mtu mzima na akili zake anazama kwenye matope giza likiingia ili apige picha chura! Ilipofika siku picha zake zikaanza kushinda mashindano ya nje, waliomcheka ndio haohao waliojifanya wametoka naye mbali. Sasa alikuwa mtoto wa mji, ameuawa, na mji ulitaka mtu. Mkulima wa kando ya bwawa alikuwa amesema bombani, mbele ya kila mwenye ndoo, kwamba akimkuta tena Lenzi kwenye matuta yake atamvunja miguu. Watu wakajumlisha wenyewe. Wakaichoma nyumba yake. Yeye akatoka mbio akakimbilia polisi apate kupona, akatua mikononi mwa Nyundo. Ndiyo ile ya kuruka majivu na kukanyaga moto.

"Gari la mahakama linakuja mchana," alisema Mkuu wa Kituo, aliyekuwa ametokea nyuma yake na kikombe mkononi. "Likifika, anapanda."

"Mkuu, umeona wale wana nini? Yule wa mbele amebeba tairi."

"Nimeona."

"Akitoka pale kama muuaji aliyekiri, hafiki kwenye gari. Watamchoma tukiangalia."

"Na akibaki humu watalichoma kituo. Wewe unaonaje, nichague lipi?" Mkuu alikunywa chai yake. "Nakupa mpaka gari lifike. Kama una mtu mwingine, niletee. Kama huna, acha kunipandisha presha."

Haya. Inspekta aliingia ofisini kwake, akafunga mlango kwa kisigino, akamwaga vielelezo vyote mezani. Nyundo alimfuata kwa sababu hakuambiwa asimfuate.

Cha kwanza kilikuwa stendi ya kamera, ile ya miguu mitatu, ya bomba la alumini. Mguu mmoja ulikuwa umepinda, na mwishoni mwake, pale kofia ya mpira ilipokuwa imechomoka, damu na nywele vilikuwa vimegandia ndani ya bomba.

"Daktari amenionyesha maiti," alisema Inspekta. "Taya limevunjika mara mbili. Paji la uso lina matundu ya duara, na kisogoni hivyohivyo. Duara, Nyundo. Jembe hupasua. Hiki kimeponda na kutoboa."

"Basi nikimwuliza tena, atakiri na hicho."

"Mimi najua atakiri! Ukimwuliza kama ameiba mwezi atakiri. Shika hizi buti."

Zilikuwa buti ndefu za mpira. Inspekta alizigeuza juu chini, akachokoa nyayo kwa ncha ya kalamu. Kulikuwa na matope, na ndani ya matope kulikuwa na ngozi laini, vijipaja vyembamba, vidole vyenye vibonye mwishoni, na kitu cheupe kilichokauka kama povu la sabuni.

"Vyura," alisema Nyundo, akikunja pua.

"Walikanyagwa kwa makusudi. Mtu hakanyagi wengi hivi kwa bahati mbaya. Buti za nani?"

"Si mkulima alikuwa na hasira? Labda aliwakanyaga ili—"

"Buti za nani, Koplo?"

"Za marehemu, afande."

"Na mkulima mlimkamata amevaa nini?"

"Ndala. Moja."

Ukiacha kamera ya marehemu na begi lake, kilichobaki kilikuwa mfuko mdogo wa plastiki unaoonyesha ndani, ulioketi peke yake kwenye bahasha. Ndani yake mlikuwa na jani moja na matone ya maji. Mdomo wa mfuko ulikuwa na makunyanzi ya fundo lililokazwa sana, na juu ya makunyanzi hayo, kwa nje, kulikuwa na alama za vidole za damu. Inspekta aliunyanyua kwenye mwanga. Haukuwa umechanwa popote. Mtu alikaa akalifungua fundo lile kwa kucha, taratibu, na mikono yake tayari ilikuwa na damu.

"Niambie wewe mwenye ujuzi wa kuhoji," alisema. "Umeua mtu. Maiti iko miguuni pako, damu bado ya moto. Ni nini kitakukalisha chini ufungue fundo badala ya kuchana?"

Nyundo aliwaza kwa dhati. "Labda ni mtu asiyependa uharibifu," alisema.

Inspekta alitaka kumtukana, akasita. Pengine ndilo jambo la maana la kwanza alilowahi kulisema koplo huyu tangu aajiriwe.

Aliyefuata kuingia alikuwa Shemeji. Huyu alikuwa kaka wa mjane, na kwa kuwa Lenzi alimwita "shemeji" kila walipopita, mji mzima ulilichukua jina hilo, hata watu wasiomfahamu dada yake. Kazi yake ilikuwa kumbebea Lenzi taa bwawani. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, na mdomo wake wa chini ulikuwa umepasuka.

"Pole na msiba."

"Nishapoa, afande."

"Mdomo umepatwa na nini?"

"Nilijikwaa."

"Ukaangukia ngumi?"

Shemeji alishusha macho. Nyundo, mlangoni, alilitupa taulo begani. "Afande, huyu nipe mimi."

"Wewe umeshanipa muuaji mmoja leo. Nikipata wawili nitawaweka wapi? Toka nje." Alingoja mlango ufungwe. "Sema, Shemeji. Na usinifanye mtoto."

"Alinipiga yeye. Niliteleza, taa moja ikaingia majini ikafa. Akanipiga ngumi, akanitukana mpaka mama, na mama yangu ndiye mkwe wake! Nikamtupia vitu vyake nikaondoka. Nilimwacha mzima, wallahi. Anatukana, lakini mzima."

"Hasira ulikuwa nayo?"

"Ningekuwa na nguvu ningemrudishia. Sina. Ndiyo maana niliondoka."

Inspekta alimsogezea kamera. "Nionyeshe alichopiga. Anza mwanzo, usiruke hata moja."

Picha ya kwanza haikuwa na uzuri wowote. Ilikuwa unyasi wa tete uliopinda katikati, chura mdogo wa kijani ameukumbatia, na chini yake, kwenye kifundo, kipande cha uzi wa rangi ya chungwa kimefungwa.

"Hiyo ni picha ya anwani," alisema Shemeji.

"Anwani ya nani?"

"Ya chura. Chura wa miti ana kituo chake, afande. Asubuhi anarudi kulala palepale alipolala jana. Ukitaka kumpeleka kwenye ua zuri umpige picha, unafunga kwanza uzi pale ulipomtoa, unapiga picha mahali penyewe, ndipo unamtia kwenye mfuko. Ukimaliza unamrudisha palepale kwenye uzi wake. Ni sheria ya Mwalimu."

"Mwalimu yupi?"

"Wa baiolojia, pale sekondari. Ndiye aliyemfundisha Lenzi vyura. Tulikuwa tunakwenda watatu: Lenzi anapiga picha, mimi nashika taa, Mwalimu anatoa na kurudisha. Na anayerudisha ndiye anayefungua uzi na kuuchukua, ili mwisho wa kazi nyuzi zihesabiwe, asije akasahauliwa mtu. Yaani chura."

"Siku hiyo Mwalimu alikuwepo?"

"Hakuja. Walikosana tangu mvua zianze. Hatukwenda naye tena."

"Kama Mwalimu hayupo, huyu Lenzi alimfungia nani uzi?"

"Majaji wa mashindano siku hizi wanadai picha ya anwani, wajue chura hakununuliwa dukani. Angekuwa na hiari yake asingefunga."

"Uzi wa chungwa ndio anaoutumia siku zote?"

"Hapana, ulikuwa mwekundu. Ule uliisha. Huu nilimnunulia njiani jioni ileile. Hicho kipande nilikikata kwa meno yangu mwenyewe, na ndicho cha kwanza na cha mwisho. Roli la uzi lenyewe si hilo hapo kwenye begi lake? Limejaa."

Lilikuwa limejaa kweli. Inspekta alilizungusha kidoleni.

Picha zilizofuata zilimwonyesha chura yuleyule juu ya gogo lenye ukungu wa kijani, mwanga ukimjia pande zote mbili. Kisha, ghafla, upande mmoja wa picha ukawa mweusi.

"Hapo nilikuwa nimeshaondoka," alisema Shemeji. "Amebaki na taa moja."

Na hapo ndipo chura alipoanza kucheza. Alisimama kwa miguu ya nyuma, mikono juu, kama mtu kwenye harusi. Inspekta aliikuza picha. Kiunoni mwa chura kulikuwa na uzi wa nailoni, ule wa kuvulia samaki, umevutwa kutoka juu mpaka umezama kwenye ngozi. Picha nyingine mdomo wake ulikuwa umetanuliwa kwa kijiti ili aonekane anacheka.

"Ndizo zinazoshinda hizo?"

"Ndizo zinazoshinda," alisema Shemeji, akiangalia ukuta.

Ya mwisho kabisa ilikuwa imepigwa kwa bahati mbaya, kamera ikiwa imeinama. Ilionyesha buti moja ikishuka juu ya povu jeupe.

"Na hii?"

"Ni mayai. Wanayataga kwenye povu, wanayaning'iniza juu ya maji." Shemeji alisugua uso. "Lenzi akishapata picha yake anawaponda waliobaki. Na mayai. Ili mwingine asije akapata chura wa namna ileile. Alikuwa anangoja niwe nimetangulia na mizigo, lakini nilijua. Nilikuwa naona buti zake nikizibeba."

"Ulimwambia nani?"

Shemeji alilaza kamera kifudifudi mezani. Inspekta alichukua funguo za gari.

Bwawani jua lilikuwa kali. Shemeji alimpitisha kwenye matuta ya mkulima, ambayo kweli yalikuwa yamevurugwa na miguu ya watu wengi, wa kamera na wa jana. Upande mmoja wa bwawa matete yalisimama wima, na juu yake vyura walilala, weupe kama chaki, miguu wameikunjia tumboni, macho wamefumba. Inspekta aliwapita mara mbili kabla ya kuwaona.

"Mbona kwenye picha ni wa kijani?"

"Jua likiwachoma wanajigeuza weupe. Jioni wanarudia kijani."

Upande wa pili ulikuwa machinjioni. Matete yamelazwa, povu limesagwa na matope, na vyura wamebandikwa ardhini, matumbo nje, nzi juu yao. Katikati ya uharibifu huo damu ya Lenzi ilikuwa imekauka ikawa nyeusi kwenye eneo la ukubwa wa mkeka. Alipigwa akiwa amesimama, akapigwa akiwa amepiga magoti, na alipolala kifudifudi mpigaji hakuacha. Matone yalikuwa yameruka hadi kwenye majani ya juu.

Walilitafuta tete la kwenye picha, lile lililopinda katikati. Shemeji ndiye aliyeliona, mbali kidogo na damu, mahali ambapo hakuna buti iliyofika. Uzi haukuwepo. Chura alikuwepo. Alilala palepale picha ilipomwonyesha, mweupe, na kiunoni alikuwa na mstari mwekundu ulioanza kufunga. Chini yake, kwenye jani, kulikuwa na alama ya dole gumba, ya damu.

Inspekta alisimama akiitazama alama ile mpaka jasho likamwingia machoni.

"Nipe mikono yako," alisema.

Shemeji alimpa. Inspekta aliinusa, akaisukuma. Ilinuka dawa ya mbu mpaka kwenye viwiko.

"Nimejipaka miaka yote," alisema Shemeji. "Ngozi yangu mbu wanaipenda. Ndiyo maana mimi ni wa taa tu. Chura nikimshika kwa mikono hii, ngozi inamwungua, anakufa kabla hujamweka chini. Mwalimu alinikataza hata kuwagusa."

"Kwa hiyo huyu hakurudishwa na wewe."

"Hapana."

"Wala na mkulima. Mkulima angejuaje kwamba ni tete hili na si lile? Angechukulia nini uzi? Aliyemrudisha aliua, akafungua fundo, akamtafutia mwenye nyumba nyumba yake, akafungua uzi, akaondoka nao. Ni nani anayefanya hivyo, Shemeji?"

Shemeji alikaa chini kwenye matope akaanza kulia, kwa sauti, kama aliyefiwa leo. Simu ya Inspekta ililia wakati huohuo. Alikuwa Mkuu. Gari la mahakama lilikuwa limeshatoka mjini.

Mwalimu alikuwa peke yake kwenye maabara ya sekondari, ananawa mikono kwenye sinki. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye koti jeupe na sauti ya upole ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Alinawa bila sabuni, akaacha maji yachuruzike, kisha akaingiza mkono ndani ya tangi la kioo na kumhamishia chura mmoja upande wenye kivuli.

"Huwashiki kwa mikono mikavu?" aliuliza Inspekta kutoka mlangoni.

"Mkono mkavu unawachubua. Karibu, Inspekta. Ni habari ya Lenzi?"

"Ni hiyo. Mara ya mwisho ulikwenda lini bwawani?"

"Kabla ya mvua. Tuligombana. Alikuwa anawafunga nyuzi za nailoni, nikamwambia mimi na yeye basi."

"Tangu hapo hujakanyaga?"

"Sijakanyaga."

Inspekta aliitikia kwa kichwa, akatembea kati ya meza, akisoma vibandiko vya chupa za spiriti. Kwenye mgongo wa kiti cha Mwalimu kulikuwa na mkoba wa turubai. Mkanda wake ulikuwa umejaa vifundo vya nyuzi, vingine vimechakaa mpaka vimekuwa na rangi ya vumbi.

"Mzuri huu. Umeutengeneza wewe?"

Mwalimu alitabasamu, na lilikuwa tabasamu la kweli. "Ni kumbukumbu yangu. Kila uzi ni chura aliyerudishwa kwake. Nikishamweka nafungua uzi naufunga hapo, mkono unafanya wenyewe siku hizi, hata siangalii. Hao wa bluu ni wa mwaka wa kwanza. Hao wekundu ni tangu Lenzi alipojiunga."

"Wote walifika salama?"

"Kila mmoja."

"Na huyu wa chungwa?"

Mkono wa Mwalimu uliokuwa unapita juu ya vifundo ulisimama. Kifundo kile kilikuwa cha mwisho, kipya, kimekazwa vizuri, na nusu yake ilikuwa na rangi nyingine, ya kahawia. Alikitazama kama mtu anayekiona kwa mara ya kwanza. Inspekta aliamini baadaye kwamba ndivyo ilivyokuwa.

"Uzi huo ulinunuliwa jioni aliyokufa," alisema Inspekta. "Kipande kimoja tu kilikatwa. Na wewe hujakanyaga bwawani tangu—"

Hakumaliza. Mwalimu alinyakua chupa kubwa ya spiriti mezani akaizungusha kwa mikono miwili. Inspekta aliinua mkono. Chupa ikapasukia kiwikoni, vioo vikamwagika, spiriti ikamwingia kwenye jeraha na machoni pamoja. Alipiga yowe, akaona giza. Pigo la pili lilimpata begani, la tatu likapita hewani karibu na sikio, na wakati huo wote Mwalimu alikuwa anahema tu, akifuata kichwa. Ndivyo alivyompiga Lenzi, aliwaza Inspekta, na woga ukamshika kweli. Akajitupa mbele kwa uzito wake wote. Walianguka pamoja juu ya kiti, kiti kikavunjika, mgongo wa Mwalimu ukagonga sinki. Mwalimu alimng'ata mkono mpaka meno yakakutana na mfupa. Inspekta akampiga kichwa cha puani, mara moja, kwa hasira iliyozidi haja, akamgeuza kifudifudi juu ya vioo na kumkalia. Pingu ya kwanza iliingia. Ya pili ilimtaka amkunje mkono mpaka kitu kwenye bega kilipolia.

Kisha wakabaki hapo chini wote wawili, wanatweta, damu ya mmoja ikichanganyika na ya mwenzake kwenye vigae.

"Niliambiwa anawaponda, nikajificha matetani nimfume," alisema Mwalimu, puani damu ikimwagika. "Nilitaka nione kwa macho yangu. Akawa anawakanyaga, anawafuata mmojammoja kwa tochi. Halafu anacheka. Stendi ilikuwa karibu yangu."

"Ulimpiga mara ngapi?"

"Mpaka nikachoka."

"Halafu?"

"Nikanawa mikono. Haikutoka yote." Alimeza damu. "Mfuko ulikuwa unacheza pale chini. Alikuwa bado hai ndani. Ningemwacha?"

"Ukamrudisha."

"Nikamrudisha."

Inspekta alijiinua, akajifunga leso kiwikoni kwa meno yake.

"Jana ulisikia mkulima amekamatwa?"

"Nilisikia."

"Ulisikia kwamba wamemchomea nyumba?"

"Nilidhani mtamwachia," alisema Mwalimu. "Hana kosa. Nilidhani mtaona wenyewe."

"Amevunjwa vidole. Watu wamesimama nje na tairi la kumvisha. Chura ulimtafutia tete lake gizani, Mwalimu. Huyu mtu ulishindwa kumtafutia neno moja mchana kweupe!"

Mwalimu alilaza shavu kwenye vigae, akafumba macho.

Inspekta alimfunika pingu kwa koti lake jeupe la maabara, maana kundi lingejua lingemrarua palepale, na alikuwa hajaokoa mmoja ili ampoteze mwingine. Aliendesha kwa mkono mmoja, honi haikunyamaza. Kituoni gari la mahakama lilikuwa limesharudi nyuma hadi mlangoni, limefunguliwa. Mawe yalikuwa yanagonga bati lake. Kioo cha chumba cha zamu kilikuwa kimepasuka, na askari mmoja amekaa chini ameshika kichwa, damu inapenya kati ya vidole. Inspekta alipita mlango wa nyuma akimsukuma Mwalimu mbele yake.

Nyundo alikuwa ndani ya mahabusu, anamvuta mkulima kwa ukosi wa shati.

"Mwache," alisema Inspekta.

"Afande, gari—"

"Nimesema mwache! Ukimgusa tena, utalala wewe humu."

Nyundo alimwachia, na mkulima akaporomoka ukutani. Mkuu alikuja mbio, akaona damu, akamwona Mwalimu na uso uliovimba, akafungua kinywa. Inspekta alimwonyesha kiganja, asubiri. Alichuchumaa mbele ya mkulima, mbali kidogo ili asimwogopeshe.

"Mzee, hupandi gari. Aliyeua tumempata. Umesikia? Si wewe."

"Ni mimi, afande," alisema mkulima haraka, mikono ikipanda kichwani. "Nimeshasema ni mimi. Nimeweka na dole. Msianze tena, nawaomba."

"Hatuanzi tena. Nitazame. Imekwisha."

Mkulima alifungua jicho lake moja. Halikumtazama Inspekta. Lilipita juu ya bega lake, likamwona aliyesimama nyuma yake, na uso ule uliovunjika ukabadilika wote. Alijaribu kusimama kwa heshima, akashika ukuta kwa mkono mzima.

"Mwalimu! Umekuja? Wamekupiga na wewe?" Machozi yalianza kumtoka. "Afande, huyu ndiye wa kumwuliza. Ananifahamu, atawaambia mimi ni mtu wa namna gani. Mwalimu, nilipokuwa nakimbia nilimwambia binti yangu akimbilie kwako. Alifika?"

Mwalimu alivitazama vidole vya mkulima vilivyovunjika.

"Alifika," alisema. "Alilala kwangu. Nimemwacha nyumbani."

"Alikula?"

"Alikula."

"Mungu akulipe. Sikuwa na mtu mwingine wa kumpa, wewe unajua."

Nje jiwe jingine liligonga gari. Inspekta alisimama, akalivuta lile koti jeupe, likaanguka. Mkulima alizitazama pingu. Alimtazama Mwalimu usoni, akarudi tena kwenye pingu, na midomo yake ikacheza kidogo kabla sauti haijatoka.

"Basi mtoto yuko na nani?" aliuliza.